1-0 ya Harambee Stars Kwa Morocco: Ilikuwa Bahati Ama Kazi?

Kuna mabishano moja haijawahi isha, na ukienda Tawa, kule Mbooni kaunti ya Makueni, utaipata stage ya bodaboda, kwa kinyozi, na mbele ya duka penye wasee hukaa jioni wakingojea mama wa mutura. Ni hii: Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025, Kasarani, Kenya ilichapa Morocco 1-0 kwa CHAN. Ilikuwa ni ujuzi ama ilikuwa bahati ya mtende?

Upande mmoja kuna vijana wa nduthi wanasema Morocco walifunzwa adabu, kwisha. Upande ule mwingine kuna wazee, wale ukiwa Ukambani unamwita mmoja mutumia kwa heshima zote (usijaribu hiyo ukivuka kwenda Murang'a, huko mutumia ni mwanamke, utaeleza mpaka uchoke). Wazee wanasema kadi nyekundu ilitoka, Wamorocco wakakaa na mpira nusu mechi nzima, sisi tukaponea. Halafu hakosi msee mmoja wa kuchekesha watu aseme hiyo ilikuwa kamuti, mtu alitoka Kitui na kitu kwa mfuko.

Sasa wacha tuachane na kamuti. Hii swali iko na njia ya kujibiwa, ama angalau njia ya kubishana bila kupiga kelele tu. Na si swali ya mchezo. Makocha hufutwa juu yake. Wachezaji huachwa juu yake. Na wewe, kama uko na mkeka kwa simu, doo yako huenda juu yake kila wikendi.

Kwanza turudi kwa rekodi, ju watu hubishana na kumbukumbu imeshaisha chaji.

Hiyo CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani pekee, iliandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kucheza kwa hii mashindano. Tukawekwa Group A, na msee yeyote aliyeangalia hiyo group alishika kichwa: Morocco waliokuwa wamebeba kombe mara mbili, DR Congo pia mara mbili, halafu Angola na Zambia. Tarehe 3 Agosti tukaanza na Congo. Austin Odhiambo wa Gor Mahia akadunga kipindi cha kwanza kikielekea kuisha, 1-0. Tukaenda Angola, wakatufunga mapema, Odhiambo akasawazisha na penalti, halafu Marvin Nabwire akaoneshwa nyekundu kabla hata nusu saa iishe. Ikaisha 1-1. Morocco sasa: Ryan Ogam akadunga dakika ya 42, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo naye akatolewa nje na nyekundu. Kipindi chote cha pili wasee kumi. 1-0. Tarehe 17 tukamaliza na Zambia, Ogam tena, dakika ya 75, 1-0.

Pointi 10, namba moja kwa group, mbele ya Morocco waliokuwa na 9. Na hao Morocco, baada ya kupoteza kwetu, hawakupoteza tena. Tarehe 30 Agosti walirudi hapo hapo Kasarani wakachapa Madagascar 3-2 kwa fainali na kubeba kombe.

Sahii cheki hizo namba vizuri. Mechi nne, mabao manne. Tulishinda mechi tatu na hakuna hata moja tulishinda na zaidi ya bao moja. Hapo ndipo kelele yote inatoka. Ungepiga Morocco 4-0, hakuna mutumia angefungua mdomo.

Sababu bao moja huleta ngori ni venye mpira wenyewe umejengwa. Kwa basketi timu inaweza funga mara arobaini kwa mechi moja. Ukiwa mbaya, bahati itakubeba vikapu vitatu, vinne, halafu ukweli utakushika kabla robo ya nne iishe. Kwa soka mabao ni adimu. Kombe la Dunia 2022 kule Qatar lilikuwa na mechi 64 na mabao 172. Gawanya: mechi moja haifikishi hata mabao matatu, timu zote mbili pamoja. Kwa hivyo kitu kimoja tu, mpira kugonga goti la beki na kubadilisha njia, kinaweza kuwa ndio mechi yote. Mechi haina muda wa kutosha kusawazisha hiyo deni.

Chukua mfano rahisi na kalamu. Timu A inapiga mashuti 15, kila moja iko na nafasi moja kwa kumi ya kuingia. Timu B inapiga mashuti mawili tu, lakini ya karibu, kila moja nafasi tatu kwa kumi. Nani alicheza vizuri? A, bila swali, kwa wastani walistahili bao moja na nusu na B hawakufikisha hata bao moja. Lakini piga hesabu: nafasi ya A kukosa mashuti yote 15 ni kama moja kwa tano. Nafasi ya B kuingiza angalau moja kwa yale mawili ni kama nusu. Zidisha hizo mbili, unapata kama moja kwa kumi. Yaani hiyo mechi ikichezwa mara kumi, mara moja hivi B wanaenda nyumbani na ushindi na A hawajafunga kitu, na hakuna mtu alienda kwa mganga.

Hiyo ndio hesabu iko nyuma ya ile kitu wachambuzi huita xG. Umeiona kwa runinga na kwa app, namba kama 1.7 ama 0.4 kando ya jina la timu. Wengi huiruka. Ni kitu simpo: wamechukua maelfu ya mashuti ya zamani, wakaangalia shuti la kutoka mahali fulani, na pembe fulani, kichwa ama mguu, huingia mara ngapi. Penalti kwa mfano huingia kama mara tatu kwa nne, so penalti moja ni kitu kama 0.76 hivi. Shuti la kutoka mbali huko, msee amechoka anajaribu tu, ni kitu kama 0.03. Unajumlisha mashuti yote ya timu, unapata mabao waliyostahili kwa wastani. xG haikwambii nani alishinda. Inakwambia nani aliumba nafasi, halafu wewe ndio unaamua tofauti kati ya hiyo na matokeo inaitwaje.

Na hapo wasee wa difensi hudharauliwa. Ju timu inaweza kupigwa mashuti ishirini na bado iwe imecheza difensi poa, kama hayo ishirini yote yametoka mbali, na mabeki wamesimama mbele. Kwa macho yako unaona timu inazama. Kwa hesabu, inaogelea.

Turudi Kasarani. Hapa ndio nadhani vijana wa nduthi wako na pointi kuliko wanavyojua. Kwa mechi ya Angola tulicheza zaidi ya saa moja na wasee kumi. Kwa Morocco, kipindi kizima. Jumlisha hizo, ni zaidi ya dakika 100, zaidi ya mechi nzima, timu iko na mtu pungufu mbele ya timu nzuri. Mabao tuliyofungwa kwa hizo dakika: sufuri. Bao la Angola liliingia kabla Nabwire atolewe.

Bahati inaweza kukubeba dakika kumi ukiwa kumi. Inaweza kukubeba ishirini kama kipa ameamka vizuri. Dakika mia moja, kwa mechi mbili tofauti, dhidi ya timu mbili zinazoshambulia tofauti? Hapo mimi naona kazi. Naona Benni McCarthy amefunza watu mahali pa kusimama. Naona Bryne Odhiambo golini akiwa ametulia, na mabeki hawatoki kwa laini kukimbiza mpira kaa watoto wa shule. Wengine huita hiyo kupaki basi kwa madharau. Sawa, lakini jaribu kuipaki wewe uone.

Lakini pia mutumia hajakosea, na hii vijana hawapendi kuskia.

Kwanza, difensi ikiwa kumi haichagui tena mchezo. Inachagua tu mahali pa kuumia. Ukiachia timu kama Morocco mpira dakika 45, unawapa tiketi nyingi za bahati nasibu, na unaomba zote zikose. Mara hii zilikosa. Moja ingeingia, leo stori Tawa ingekuwa Erambo alituangusha na McCarthy hajui kubadilisha wachezaji. Mechi ile ile, watu wale wale, mpira umesonga nusu futi tu. Akili ya binadamu iko hivyo: tukishajua matokeo tunarudi nyuma kujenga sababu, na sababu zote ghafla zinaonekana zilikuwa wazi tangu asubuhi.

Pili, hebu tujaribu kuwa wakali kabisa. Tuseme Harambee Stars hawakuwa na kitu spesheli. Tuseme kila mechi ya ile group ilikuwa kama kurusha kete, nafasi sawa ya kushinda, kutoka sare na kupoteza. Nafasi ya kumaliza mechi nne bila kupoteza, na angalau tatu umeshinda, ni ngapi? Ni 5 kwa 81, kama mara moja kwa kila mara kumi na sita. Ni ndogo, lakini si muujiza. Timu zilikuwa 19 kwa hiyo CHAN. Kila mashindano kuna timu fulani inaangukiwa na hiyo moja kwa kumi na sita, na kila mara nchi hiyo huandika kwamba ni ujuzi. Mechi nne ni chache, buda. Ni chache sana kuamua kitu na uhakika wa kupiga meza.

Tatu ni Kasarani yenyewe. Uwanja umejaa, vuvuzela, Rais ameahidi kila mchezaji milioni moja kwa ushindi. Kucheza nyumbani si bahati na si ujuzi pia, ni kitu katikati. Tulijua ina nguvu gani wakati wa korona: mpira uliporudi Ujerumani mwaka wa 2020 bila mafans, timu za nyumbani zilianza kushinda mechi chache kuliko ilivyokuwa kawaida. Kelele ilikuwa inafanya kazi muda huo wote. Kwa hivyo ukipima Stars kwa Kasarani, toa kidogo kabla hujaandika jibu.

Kuna timu moja nje ambayo kila mtu anayebishana hii stori anafaa kuijua, na ni Ugiriki ya 2004. Kabla ya hiyo Euro, Wagiriki hawakuwa wamewahi shinda hata mechi moja kwa mashindano makubwa. Kwa mtoano wakakutana na Ufaransa, 1-0. Wacheki, 1-0. Fainali kule Lisbon na wenyeji Ureno, 1-0. Kombe likaenda Athens. Dunia nzima ilisema ni bahati. Lakini angalia mabao: yote matatu yalikuwa ya kichwa. Angelos Charisteas mawili, Traianos Dellas moja. Kocha wao Mjerumani, Otto Rehhagel, alijua timu yake haiwezi kucheza pasi na Wafaransa, so akajenga ukuta, akawa na watu warefu, akangoja krosi na kona. Kitu ikitokea mara tatu kwa njia moja, ni plani. Halafu sasa sikiza upande wa pili: Kombe la Dunia lililofuata, 2006, Ugiriki hawakufuzu hata kwenda. Wasee walikuwa na plani kweli, na pia mwezi huo kila kete iliwaangukia vizuri. Hizo mbili zinaweza kukaa kwa nyumba moja.

Ukisoma vizuri, Kenya yetu ilienda njia hiyo hiyo, na haraka zaidi. Tarehe 22 Agosti, robo fainali, tukatoka 1-1 na Madagascar. Goli lao lilikuwa penalti ndani ya mchezo. Tukaenda kwa matuta, tukapoteza 4-3. Kwa mechi tano tulifunga mabao matano, na hakuna siku tulifunga mawili. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Septemba, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Gambia wakatupiga 3-1 hapo hapo Kasarani. Ndio, kikosi hakikuwa kile kile kabisa, wa nje walikuwa wamerudi, na mechi moja haifuti nyingine kama venye nimesema. Lakini ile stori ya kwamba Kasarani sasa ni ngome iliisha jioni moja.

So jibu yangu? Sitakaa katikati kaa refa wa mashindano ya wadi. Difensi ilikuwa kazi, na ushahidi ni zile dakika mia na kitu. Kumaliza mbele ya Morocco ilikuwa kazi iliyopata msaada. Na ushambulizi ulikuwa shida iliyofichwa na ushindi. Timu inayofunga bao moja kila mechi imeamua, itake isitake, kuishi kwa makali ya kisu: wakikosa kidogo ni sare, refa akikosea kidogo ni kichapo. Bahati haikuja na Morocco ikaenda. Ilikuwa hapo mechi zote tano, ikisukuma huku na huku, na mechi ya Madagascar ikasukuma kule.

Ogam mwenyewe ni mfano mzuri wa kutenganisha hizi vitu. Bao moja kwa Morocco lingekuwa chochote. Lakini alikuwa na moja nyingine kwa Zambia, na alikuwa amefunga kwa ligi na Tusker kabla mtu Kasarani ajue jina lake. Wolfsberger wa Austria walimchukua mwezi huo huo. Skauti hanunui goli, ananunua venye unafika mahali goli hutokea, tena na tena.

Na hapo ndipo hii stori inaumiza mtu wa Tawa kuliko mtu wa Kasarani. Kwa uwanja wa mtaani, udongo mtupu, mawe, upande mmoja uko juu kidogo ya mwingine, bahati ni kubwa mara nyingi kuliko kwa nyasi. Mpira ukiruka mbele ya kipa hakuna anayejua utaenda wapi, hata mpira wenyewe. Halafu siku moja kwa mwaka watu wa kuchagua timu wanakuja, wanaangalia mechi moja ya dakika 60 ama 70 ju ya jua, wanaandika majina. Kijana anakosa nafasi mbili ju mpira uliruka kwa jiwe, anaandikwa hajui. Mwingine shuti lake linagonga beki linaingia, anaandikwa striker. Huyo wa kwanza anarudi kwa nduthi na hiyo ndio mwisho ya kesi yake. Sisi hubishana miaka kuhusu bahati ya Harambee Stars kwa mechi nne, halafu tunahukumu mtoto wa Mbooni na moja.

Wanaofundisha timu huko mashinani wanaweza kurekebisha hii bila doo yoyote. Daftari ya shilingi hamsini inatosha. Kwa kila mechi andika mashuti yenu yalitoka wapi, ndani ya boksi ama nje, na yao yalitoka wapi. Andika nani alitoa pasi ya mwisho, si tu nani alifunga. Usisome hiyo daftari baada ya mechi moja, wala mbili. Ngoja zifike kumi. Utashangaa. Kuna kijana hajawahi funga lakini kila nafasi nzuri inapitia kwake. Kuna timu imeshinda 1-0 mara nne mfululizo na kila mara wapinzani ndio waliopiga mashuti ya karibu, hiyo timu inaelekea kuanguka na haijui. Na kuna ile imepoteza tatu, kocha anataka kufutwa, na ukiangalia daftari mnafaa kumwongezea soda.

Kwa mkeka pia ni hivyo. Wasee huona timu imeshinda tatu kwa 1-0 wanasema iko moto, wanaweka fare ya wiki. Kampuni ya beti haiangalii hiyo tatu peke yake. Inaangalia nafasi zilizoumbwa, msimu mzima, na ndio maana odds hukushangaza ukidhani wamekosea. Hawajakosea mara nyingi venye unafikiria.

AFCON ya 2027 inakuja hapa, sisi na Uganda na Tanzania tena. Kutakuwa na mechi itaisha 1-0, hiyo ni karibu hakika. Siku hiyo kabla uanze kupiga kelele stage, uliza mutumia na uulize kijana wa nduthi swali moja: mashuti yetu yalitoka wapi?